Moyo si Pembe

Kuna kauli moja nimeisikia mara nyingi hata nimechoka kuinyamazia. Kauli yenyewe ni kwamba Kiswahili hakina neno lake la asili la kile Waingereza wanachokiita "courage". Wanaosema hivyo huwa ni watu waliosoma, na hoja yao huipanga vizuri. Hutwambia kwamba "shujaa" ni Kiarabu, "jasiri" ni Kiarabu, "jabari" ni Kiarabu na "thabiti" pia ni Kiarabu. Kisha humalizia kwa tabasamu kwamba watu wasiokuwa na neno la kitu hawakuwa na kitu chenyewe. Mara ya mwisho niliisikia katika semina ya walimu hapa Chake Chake. Msemaji alikuwa kijana mwenye shahada mbili, na walimu wenzangu, baadhi yao wenye mvi kunishinda, waliyaandika maneno yake madaftarini kama wanafunzi wa darasa la tano.

Mimi nimesomesha Kiingereza na Kiswahili katika skuli za Pemba kwa zaidi ya miaka thelathini. Shahada za isimu sina, lakini nina kamusi, nina masikio, na umri ninao. Kwa hivyo naomba ruhusa ya msomaji nimjibu kijana yule. Na nikishamjibu yeye nitataka kusema na wakubwa zake, kwani kosa lake ni dogo. Lililo kubwa limejificha nyuma yake, nalo limeshawavunja watu mifupa na kuwazamisha baharini.

Tuanze na neno lenyewe. "Courage" si neno la asili la Waingereza. Mwaka 1066 William wa Normandy alivuka bahari akaishinda Uingereza, na kwa karne nyingi baada ya hapo lugha ya ikulu, ya mahakama na ya mabwana ilikuwa Kifaransa. Maneno ya Kifaransa yakamiminika katika Kiingereza kama maji ya bamvua, na humo ndimo lilimoingia "courage", kiasi cha mwaka 1300. "Valour" lilipita njia hiyo hiyo. "Brave" lilichelewa, likaingia mwishoni mwa karne ya 15, nalo pia kwa mlango wa Ufaransa. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na maneno yao. Moja lilikuwa "ellen", ambalo leo limekufa, na Mwingereza wa kawaida ukimtajia atadhani unamwita mwanamke. Jengine lilikuwa "mod", lililobeba maana ya moyo, akili na ushujaa kwa pamoja. Hili halikufa, ila limedhoofika: ndilo "mood" la leo, analolitumia mtu akitaka kusema kwamba asubuhi hii hana hamu ya kazi. Wajerumani, ambao ni jamaa zao wa lugha, wamelitunza; kwao "Mut" mpaka leo ndio ushujaa.

Sasa namuuliza yule kijana. Ikiwa kuazima neno ni dalili ya kuazima kitu, je, Waingereza hawakuwa na mtu jasiri hata mmoja kabla ya 1066? Wale waliosimama Hastings wakapigana na William mchana kutwa mpaka mfalme wao akauawa, walisimama kwa kitu gani? Na sisi tuliolichukua "rafiki" kwa Waarabu, kabla ya hapo hapakuwa na watu wawili pwani hii waliopendana na kusaidiana? Mbona akiazima Mwingereza huitwa utajiri wa lugha, na akiazima Mswahili huitwa umaskini wa roho? Neno huazimwa kwa sababu nyingi: kwa biashara, kwa dini, kwa ndoa, kwa heshima, pengine kwa kupenda mlio wake tu. Kulijua asili yake ni elimu nzuri. Kuligeuza kuwa hati ya mashtaka juu ya watu wazima ni ujinga uliovaa tai.

Hata hivyo, sikusudii kuishia hapo, kwani "courage" lina siri ambayo kijana yule angaliifunua kama angalikwenda hatua moja mbele. Wafaransa wa zamani walilisema "corage", nalo limetokana na neno la Kilatini "cor", yaani moyo. Lilipoingia katika Kiingereza halikuwa na maana ya vita peke yake. Lilikuwa na maana ya kila kilichomo moyoni mwa mtu: hamu yake, hasira yake, kiburi chake, matumaini yake. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, amelitumia mwanzoni kabisa mwa "The Canterbury Tales", na alilitumia kwa mioyo ya ndege wadogo wanaoimba msimu wa mvua za kwanza. Msomaji alitie hilo akilini. Hapana simba pale, wala upanga. Pana kindege chenye moyo mdogo unaomtaka aimbe, naye akaimba.

Basi na tuyatazame maneno ya Kiingereza yaliyozaliwa na hilo. "Encourage" ukilichambua kama karafuu na makonyo yake utakuta ni kutia moyo. "Discourage" ni kuvunja moyo. Je, ni nani aliyewafasiria Waswahili? Bibi yangu hakujua neno moja la Kilatini, wala la Kiingereza hakulijua, lakini mtu akifiliwa alikuwa akienda kumtia moyo, na mtoto akishindwa mtihani alituonya tusimvunje moyo. Alipokwenda hospitali kukatwa jipu alijipiga moyo konde. Konde, kwa vijana wasioijua lugha yao, ni ngumi. Kujipiga moyo konde ni kuufumba moyo kama mtu anavyoukunja mkono, ili usitawanyike na kumwagika. Na "moyo" si neno la kuazima. Ni neno la Kibantu, tunalo pamoja na jamaa zetu wa bara. Wanyanja wa Malawi wakisema "moyo" huwa wanakusudia uhai wenyewe.

Yule kijana alikwenda kulitafuta neno mlango wa mbele, miongoni mwa majina yaliyojipanga katika kamusi, naye akarudi mikono mitupu. Neno lilikuwa jikoni, katika vitendo vya kila siku. Mswahili alilisema tangu kabla ya jahazi la kwanza la Maskati kutia nanga, na alilisema kwa picha ile ile waliyokuwa nayo Warumi: kwamba ujasiri ni jambo la moyo. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Wote wawili walikuwa na mioyo vifuani, na wote wawili waliisikia ikidunda walipoogopa.

Hapo kijana amejibiwa. Sasa nawageukia wakubwa, yaani sisi walimu, wazee, viongozi na waandishi. Sisi tumefanya kosa kubwa zaidi, kwani tunawafundisha watoto wetu kwamba "brave" na "courage" ni kitu kimoja, na kwamba vyote viwili ni "shujaa", na shujaa ni mtu mkali. Ndivyo tunavyoandika ubaoni. Ndivyo tunavyosema majukwaani.

Neno "brave" lina nasaba nyengine kabisa. Wafaransa walilichukua kwa Wataliana, ambao kwao "bravo" lilikuwa na maana ya jasiri, lakini asili yake ni mkali, asiyefugika, mnyama wa mwitu. Wataalamu wanabishana juu ya babu yake wa Kilatini. Wapo wanaosema ni neno la mshenzi na wapo wanaosema ni neno la mtu mwovu, aliyepotoka. Chagua umtakaye, hapana babu wa kujivunia. Hata Kiingereza chenyewe kiliwahi kuwa na "bravo" kwa maana ya mtu anayekodiwa kuua. Na huko Hispania mpaka leo "toro bravo" ni fahali wa kupigana, yule anayelelewa makusudi awe mkali, kisha akatolewa uwanjani achomwe upanga. Wareno nao husema "touro bravo" kwa fahali huyo huyo, na bahari ikichafuka huiita "mar bravo".

Mpemba akisikia habari ya fahali na Mreno lazima atatabasamu, kwani jambo hili limefika mpaka mlangoni petu. Wareno waliitawala pwani hii tangu mwanzo wa karne ya 16 mpaka walipong'olewa na Waomani Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Walituachia meza, leso, bendera, karata na gereza, na husemwa kwamba hapa Pemba walituachia pia mchezo wa ng'ombe. Neno "bravo" hawakutuachia, lakini fahali wake walimwacha.

Anayeujua mchezo wetu, kama unavyochezwa Kengeja, Chwale au Wingwi, anajua kwamba umebadilika damu yake. Zumari linalia, ngoma zinapigwa, wanawake wanaimba na kanga zao mpya, na ng'ombe yumo katika kamba. Vijana wanamchezesha kwa kitambaa, wanamkimbia, wanarukia mitini, watu wanacheka. Mchezo ukimalizika ng'ombe anarudi kwa mwenyewe, akala majani yake. Hauawi. Anasifiwa kama waliomchezesha, pengine kuwashinda. Wazee wetu, kama kweli waliupokea mchezo huu kwa Mreno, waliuondoa upanga. Walichobakisha ni ustadi, furaha na kucheka, pamoja na kicheko cha anayekimbia. Uwanja mzima unamcheka anayekimbia, naye mwenyewe anacheka, na kesho yake hakuna anayemwita mwoga. Hiyo ni falsafa kamili, wala haikuandikwa na profesa.

Nisidhaniwe kwamba nawapendelea Waswahili na Waarabu dhidi ya Wazungu. "Shujaa" letu nalo lina mnyama tumboni. Katika Kiarabu "shujaa" ni jina la nyoka vile vile, aliyesoma hadithi za Mtume (S.A.W.) amekutana na yule nyoka mwenye kipara atakayemzonga shingoni mtu aliyezuia zaka. Na "jabari" tunamwita mtu kwa sifa, ilhali katika Kiarabu jina hilo likiwa la Mwenyezi Mungu ni utukufu, na likiwa la mwanaadamu aghlabu ni mtu jeuri na dhalimu. Kwa hivyo huu si ugomvi wa lugha na lugha. Kila lugha ina milango miwili ya kuingilia katika jambo hili, mmoja wa mnyama na mmoja wa moyo. Ninachouliza ni mlango gani tunawapitisha watoto wetu.

Nitasema tunawapitisha upi. Nenda kwenye shamba la karafuu wakati wa msimu. Kisiwa hiki ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja na Pemba ikasalimika. Mkarafuu mkongwe unapita mita kumi kwenda juu, na tawi lake ni la hiyana: halipindi likakuonya, linakatika. Kila msimu watu wanaanguka. Katika hao nilimjua kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa darasa la saba, mtoto mpole na mwepesi wa hesabu. Aliupanda mti nusu, akatazama chini, akashuka. Mtu mzima mmoja aliyekuwapo pale akamwambia mbele ya wenzake na mbele ya wasichana waliokuwa wakiokota chini kwamba avae kanga. Kijana akapanda tena, akafika kwenye tawi alilolikimbia mwanzo. Leo anatembea kwa magongo. Mimi nasema kijana yule alikuwa na moyo mara ya kwanza, aliposhuka. Aliyapima macho yake, tawi na uzito wake, akaamua. Mara ya pili hakuupandisha moyo mti ule. Iliyompandisha ilikuwa aibu, na aliyemtia aibu hiyo alikwenda nyumbani akalala.

Nenda baharini. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na kusi likipiga si mahali pa kutafuta sifa. Ami yangu alikuwa nahodha. Wavuvi wenzake walimwita "Narudi", kwa sababu ya hodari wake wa kutazama mawingu, kutia tanga ndani na kurejea bandarini wakati wengine wakitoka. Alichekwa baraza baada ya baraza. Alikufa kitandani mwake, na mabaharia wote aliowachukua katika maisha yake walihudhuria maziko yake kwa miguu yao. Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Watu huitumia methali hii kumdhihaki mwoga. Naomba waisome vizuri. Wahenga hawakuwa wapumbavu; walikuwa wakihesabu maiti.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikija huku Pemba. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, watu na mizigo, wengi wakirudi makwao baada ya Idi. Zaidi ya miili mia mbili ilipatikana, na wengi zaidi hawakuonekana mpaka leo. Hakuna kijiji cha Pemba ambacho hakikulia. Katika msiba ule watu walisimulia mengi ya ushujaa, na ni kweli: waliookoka juu ya magodoro wakawashika mikono wasiowajua, na wavuvi waliotoka kwenda kuokoa. Lakini kuna kundi jengine ambalo halisifiwi. Walikuwapo pale bandarini waliouona uzito wa meli ile, wakakataa kupanda au wakashuka na mizigo yao. Hebu fikiri, msomaji, ni mambo gani yaliyowakabili: tiketi imeshalipwa, jamaa wanangoja, watu wanasukumana, na hapana shaka yupo aliyewaambia kwamba ajali haina kinga na kwamba wanaogopa kama wanawake. Wao wakajipiga moyo konde wakasema hapana. Ikiwa huo si ujasiri, basi mimi sijui neno hilo lina kazi gani. Lau watu mia tano wangalikuwa na moyo huo, meli isingaling'oa nanga. Lakini tangu utoto wao hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kushuka ni ushujaa.

Na nitakwenda mpaka pale ambapo waungwana hawapendi mtu aende, kwenye siasa. Kisiwa hiki kimelipa damu. Tarehe 27 Januari 2001 polisi waliwapiga risasi waandamanaji hapa Pemba. Waliuawa raia, aliuawa na askari pia, na zaidi ya watu elfu mbili walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Waliosimama siku ile wakidai haki yao bila ya silaha mkononi walikuwa na moyo, na simpi mtu nafasi ya kuwadharau. Lakini baada ya damu hufuata mtihani wa pili, nao ni mgumu zaidi. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, mtoto wa Mtambwe hapa Pemba, walikutana Ikulu wakazungumza. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Julai 2010, Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, na kiasi cha theluthi mbili wakaikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Nakumbuka yaliyosemwa mabarazani siku zile, pande zote mbili. Huyu amelainika, yule ameuza. Mafahali wawili hawakai zizi moja, walisema, na wakaona wametoa hoja. Yakarudiwa hayo hayo Desemba 2020, pale Maalim, miezi michache kabla ya kufariki kwake Februari 2021, alipokubali tena kuingia katika serikali hiyo baada ya uchaguzi uliomwaga damu nyengine.

Mtu anaweza kuwa na rai yake juu ya siasa za maridhiano; mimi nina yangu na sikuandika makala haya kuiuza. Ninachokikataa ni hiyo lugha ya mafahali. Methali ile ni kweli kabisa, kwa mafahali. Viongozi si ng'ombe na nchi si zizi. Mtu akimkabili adui mwenye bunduki, wafuasi wake wako nyuma yake wakimshangilia. Lakini akimwendea adui yake kumpa mkono, wafuasi wake hao hao ndio wa kwanza kumtukana, naye hana wa kumshika bega. Ni lipi kati ya hayo linalotaka moyo zaidi? Mtume (S.A.W.) alikwisha kutufundisha kwamba mwenye nguvu si anayewabwaga wenzake katika miereka, bali ni anayeizuia nafsi yake wakati wa ghadhabu. Tunayasikia haya msikitini, tunaitikia, kisha tunatoka nje tukawasifu wenye pembe.

Nakisikia kipingamizi. Nitaambiwa: Mwalimu, unataka kutufanyia watoto wetu wawe waoga; lau wahenga wetu wangalikuwa wakitazama matawi na mawingu tu, tungali chini ya mkoloni. Jawabu langu ni kwamba anayesema hivyo hajawasoma wahenga. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewasimamisha watu wake dhidi ya Waingereza mwaka 1913, silaha yake ilikuwa ni kiapo, ngoma na ulimi wake. Walipomkamata wakampeleka mbali, magharibi mwa Kenya, alitoroka akarudi kwao kwa miguu. Safari ile haitembewi kwa hasira. Hasira inaisha siku ya pili, miguu ikivimba. Inatembewa kwa kitu kinachobaki baada ya hasira kwisha.

Na kwa kuwa nimemtaja mwanamke, niseme na hili. Katika miaka yote niliyosomesha, nilipowataka wanafunzi waandike insha juu ya mtu shujaa, walinipa askari, walinipa wanyang'anyi wa sinema na wapiga ngumi, na simba wawili watatu. Hakuna aliyenipa mama yake. Na mama zao wako pale pale, mbele ya madirisha ya skuli, kiunoni majini. Kilimo cha mwani kilianza upande wa mashariki ya Unguja mwaka 1989, kikaja na huku kwetu, na wakulima wake wengi sana ni wanawake. Wengi wao hawajui kuogelea. Wanaingia baharini maji yakitupwa, wanafunga mbegu kwenye kamba moja moja, jua juu na miba ya chini, wanatoka maji yakijaa. Bahari imekuwa ya moto kuliko zamani, mwani unaoza kabla ya kuvunwa, bei wanapangiwa na wengine. Bamvua linalofuata wamo tena. Lugha ya mnyama haina neno la kumsifu mwanamke huyu, kwa sababu hapigi mtu, hangurumi wala hana pembe. Lugha ya moyo inalo, na kila Mswahili analijua: ana moyo. Tukilisikia hilo tunadhani ni sifa ndogo ya kumpoza. Kumbe ndilo lile lile neno, "courage", kwa asili yake hasa, kabla ya kuvishwa magwanda.

Basi nawataka walimu wenzangu mambo mawili, wala hayahitaji semina wala posho. La kwanza, mnapoandika "courage" ubaoni, andikeni mbele yake "moyo", kisha muwaeleze watoto kutia moyo, kuvunja moyo na kujipiga moyo konde, ili wajue kwamba jambo hili lilikuwamo nyumbani mwao kabla ya kitabu cha Kiingereza kufunguliwa. Mnapoandika "brave", waelezeni habari ya fahali, na muwaulize kama ndivyo wanavyotaka kuwa. La pili, mtoto akishuka kutoka katika mti uliomshinda, asiwepo mtu mzima wa kumcheka. Mwenye kumcheka ajitokeze, apande yeye.

Na kwa yule kijana mwenye shahada mbili sina kinyongo. Alisimama mbele ya wazee akasema analoliamini, nalo hilo si dogo. Nilitamani tu kwamba miongoni mwetu tuliokuwa tukiandika madaftarini angalipatikana mmoja wa kunyanyua mkono na kumwambia, kwa adabu, kwamba amekosea. Kunyanyua mkono katika mkutano ni kazi ya moyo, na pembe hazihitajiki.